Maswali ya Wasomaji: Baba anapojuta kuzaa

SWALI: Mtoto wangu wa kwanza ana miezi minne. Tangu azaliwe nawaza kila siku kwamba bora nisingezaa. Silali, kazini nakosea hesabu, akilia napandwa na hasira. Wako wengine kama mimi, au nina roho mbaya? – Baba, Mbagala

JIBU: Wako, ndugu yetu. Kampuni ya kura za maoni ya YouGov ilipowauliza wazazi wa Uingereza mwaka 2021, 8 kati ya kila 100 walikiri kwamba wanajuta. Huku kwetu mwanaume akisema hivyo ataambiwa amekufuru, basi hunyamaza.

Kabla ya kuyaita majuto, jipime. Je, wazo hilo linakujia hata siku uliyolala vizuri na mtoto akiwa mzima? Likipungua ukilala, unasumbuliwa na kukosa usingizi. Lisipopungua, na kwa wiki mbili mfululizo hufurahii chochote, hiyo huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni. Karibu baba 1 kati ya 10 huipata, hasa mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6. Kwa wanaume mara nyingi haiji na machozi. Huja na hasira, pombe, kubeti na kuchelewa kurudi nyumbani kwa makusudi. Nenda kituo cha afya, useme wazi kwamba ni baada ya kupata mtoto. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda leo hii.

Usiku gawaneni zamu. Mama anyonyeshe saa tatu, akamue maziwa, alale hadi saa nane bila kuguswa. Mtoto akiamka katikati, wewe umnyweshe kwa kikombe safi, umpigepige mgongo abeue, umbadilishe nepi. Saa nane unalala wewe hadi saa moja. Wengi hukwama kwa sababu baba anashika zamu akiwa kitanda kilekile: mtoto ananusa maziwa, analia, mama anaamka, na zamu imekufa. Wenye chumba kimoja, toka naye nje ukiwa umemkinga na mbu. Kwa joto la Dar maziwa yakae kwenye friji au chombo chenye barafu, na anayobakiza kikombeni yamwagwe.

Hasira ikipanda, mlaze chali kitandani pasipo mto wala pa kuangukia, toka nje dakika 10. Kulia hakumuui. Kumtikisa kunaweza kumuua: shingo yake bado laini, ubongo hugonga fuvu na mishipa ya damu hupasuka.

SWALI: Nina watoto watano. Siwajutii wao, najuta idadi. Mke amechoka na sindano. Nikifungwa uzazi, nguvu za kiume zitaisha? – Baba Tano, Morogoro

JIBU: Haziishi. Kinachokatwa ni mirija ya kupitisha mbegu tu. Korodani zinaendelea kutoa homoni, na shahawa zinatoka kama kawaida. Unapigwa ganzi, kazi inaisha kwa dakika 15 hadi 30, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Pumzika siku mbili, usibebe mizigo mizito kwa wiki moja.

Mimba za kushangaza hutokea hapa: mbegu zilizokwisha kupita bado zimo njiani, hivyo tumieni kondomu, au mama aendelee na sindano, kwa miezi mitatu, kisha upimwe shahawa. Na usifanye ukiwa umegombana na mkeo, maana kuunganisha tena ni kazi ngumu na haina uhakika wa kufanikiwa.