Jicho la jahazi lisigeuke njano: undakoti kwanza

Swali lililoletwa na msomaji wiki hii linawahusu wengi wanaochonga majahazi madogo hapa Lamu: mbona jicho jeupe, lile pambo la duara la mbele ya chombo, limegeuka njano, na rangi yenyewe ni mpya?

Rangi haina kosa. Jicho lile limechongwa kwa mabaki ya mbambakofi kutoka kwa fundi wa milango, na vinyweleo vya mbambakofi vina umanjano unaoyeyuka kwa maji. Ukiupaka mti huo undakoti wa maji, yaani rangi ya chini inayotangulia rangi yenyewe, unaufungulia umanjano njia utoke, na unyevu wa hewa yetu unamalizia kazi.

Tangulia na shelaki, vanishi ya utomvu wa wadudu. Piga msasa namba 240, kisha 320, pangusa vumbi, halafu paka shelaki iliyoyeyushwa kwa spiriti, mikono miwili myembamba, yaani tabaka mbili. Mkono wa kwanza huenda ukanyonya umanjano kidogo. Wa pili ndio unaoziba. Usiipake wakati wa mvua, kwa maana spiriti ikiruka huvuta unyevu na shelaki hufanya ukungu mweupe. Juu yake paka undakoti wa mafuta, uache ulale usiku kucha, kisha usugue kidogo kwa namba 400.

Mvule una taabu nyingine. Mafuta yake huzuia rangi ya mafuta kukauka, ikabaki inanata. Ufute kwa thina, uache ukauke, upake shelaki siku hiyo hiyo. Mwembe ni mpole, ila nyuzi zake husimama ukiguswa na majimaji: upitishie kitambaa kibichi makusudi, ukauke, uzikate nyuzi kwa 320. Sehemu za plastiki zioshe tu kwa sabuni ya vyombo, zitoke mafuta ya kalibu zilimomiminiwa.

Anayetumia undakoti wa kopo la kupuliza alishike sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye kipande. Anza kupuliza nje ya kipande, pita, malizia nje. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma, matone hukauka hewani na kipande huota chembechembe zinazokwaruza kidole. Fanya kazi baada ya umande kukauka na kabla upepo haujachachamaa, ndani ya boksi lililo wazi upande mmoja. Na tafadhali, iwe nyembamba! Undakoti mzito hufukia mwezi na nyota ulizochonga kwa ncha ya kisu, na hakuna rangi itakayozifukua.

Panapoingia gundi, yaani kitako cha mlingoti, mgongo wa jicho, mahali usukani unaposhika, ziba kwa utepe wa karatasi kabla ya kupaka. Gundi ikishika undakoti badala ya mti, siku moja vitabanduka pamoja.

Kwa jicho lililokwisha kuharibika, kuongeza nyeupe juu ni kupoteza rangi. Likwangue hadi mti uonekane, liache likauke siku mbili kivulini, kisha anza upya na shelaki.