Mpira wa mkononi mwa mama

SWALI: Assalaam alaykum Bi Muuguzi. Mamangu karudi Wete wiki iliyopita kutoka Dar es Salaam anakotibiwa saratani. Wamemwekea mpira wa dawa mkononi, juu ya kiwiko, atakaa nao miezi. Kwa joto hili plasta imeanza kubanduka ukingoni. Jirani katuletea mafuta ya habasoda tupake. Nami naogopa hata kumkogesha. Tufanyeje? — Binti, Wete

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Mpeleke hospitali leo hii ikabadilishwe. Plasta ile ya kuonesha ngozi hukaa siku 7, ya shashi siku 2, lakini ikilowa, ikichafuka au ikibanduka, hesabu hiyo haipo tena. Jirani mshukuruni, amekusudia kheri, ila mafuta yasifike hapo: plasta haishiki juu ya mafuta.

Mpira huo umeingilia mkononi, lakini ncha yake imefika kwenye mshipa mkubwa jirani na moyo. Mdudu wa maradhi akipita mdomoni mwa mpira, pale pa kutilia dawa, yumo damuni. Nililijua hili kwa uchungu. Nilipokuwa bado mgeni wodini, nilipangusa mdomo wa mpira mara moja tu, kwa haraka, nikasukuma maji ya chumvi. Haikufika nusu saa mgonjwa akatetemeka hata meno yakagongana. Alipona, alhamdulillahi, lakini mpira ikabidi utolewe. Tangu hapo nahesabu kwa sauti: sekunde 15 za kusugua kwa pamba ya spiriti, kisha naacha pakauke penyewe. Sipepei wala sipulizi. Nawe simama karibu umtazame anayemhudumia mama, na akisahau mkumbushe kwa adabu. Hiyo ni haki yenu.

Wiki asizotiwa dawa, mpira husukumwa maji ya chumvi ili usizibe, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Mkipewa karatasi ya Dar inayosema vingine, fuateni hiyo. Bomba la sindano la kusukumia liwe la mililita 10. Dogo zaidi hutoa nguvu kubwa na laweza kuupasua. Mpira ukigoma kupitisha maji, usilazimishwe.

Kumkogesha usiogope. Funika plasta kwa nailoni, uifunge juu na chini yake, mwagie maji kwa kopo, mkono huo uwe pembeni. Baharini asiingie. Udhu hauna shida, kwani maji yanaishia kiwikoni, mwoshe taratibu tu. La josho na kupangusa juu ya bendeji muulizeni shekhe wenu. Ndoo ya kisimani asiinue kwa mkono huo, na wanaompima presha watumie ule mwengine.

Kila siku utazame mkono. Ukiona wekundu, usaha, uvimbe wa mkono au shingo, au mpira umetoka nje zaidi ya jana, mpeleke. Mpira ukipasuka, ukunje na kuubana kati ya palipopasuka na ngozi, muondoke hivyo hivyo. Na homa ikifika 38, au akitetemeka, msingoje boti ya Dar. Nendeni hospitali ya hapo Wete usiku huo huo.