Jino la mbele limetoka: nivae, nigandishe au nipandikize?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kongwa, nina miaka 36, nimezaliwa na kukulia Singida. Mwezi wa tatu nilianguka na bodaboda, jino la mbele la juu likavunjika mpaka kwenye mzizi, ikabidi ling'olewe. Si lile kubwa la katikati, ni linalofuata, upande wa kulia. Nyuma chini kushoto nina pengo lingine la gego, nililing'oa nikiwa kidato cha pili. Siku hizi nafundisha mkono ukiwa mdomoni, na watoto wa darasa la tatu wameshaona. Fundi mmoja gulioni amesema atanigandishia jino kwa nusu saa. Kliniki moja mjini wamesema wasage meno mawili ya jirani wanifungie daraja la meno matatu. Dada yangu aliyeko Dar anasema niache yote hayo, nipandikize la skrubu. Fedha yangu ni ya mshahara. Nifuate lipi? Na je, meno yangu haya ya rangi ya kahawia yana shida yoyote katika hili?

JIBU: Marahaba, mwalimu, na pole sana kwa ajali. Wengi huingia chumbani kwangu wakiwa wameziba mdomo kama wewe, na huchukua muda mpaka mkono ushuke.

Watu watatu wamekushauri na wote wameliangalia pengo. Mimi ningeanza na meno mawili yanayopakana nalo: lile kubwa la katikati na chonge. Kama hayajatoboka wala kuzibwa, na hayakulegea siku ya ajali, hayo ndiyo mali uliyobakiza. Tiba inayokula meno mawili mazima ili kufidia moja lililopotea siitaki kinywani mwako, hata kama ni ya haraka, hata kama itapendeza.

Lakini usiyahesabu kuwa mazima kabla hayajapimwa. Ulianguka, na kishindo hakikuishia kwenye jino lililovunjika. Neva ya jino la jirani inaweza kufa kimyakimya miezi kadhaa baadaye, bila maumivu, na dalili yake ya kwanza ikawa jino kuanza kugeuka kijivu. Daktari ataligusa kwa pamba yenye ubaridi mkali aone kama linahisi, kisha atapiga eksirei ndogo. Eksirei hiyo itaonyesha pia kama kuna kipande cha mzizi kilichobaki ndani ya mfupa. Kama kipo, mipango yote inasubiri kwanza kitolewe.

Sasa huyo fundi wa gulioni. Anachofanya ni kukoroga unga na maji ya akriliki, aina ya plastiki inayoganda yenyewe, kupachika jino la plastiki kwenye pengo, na kuusambaza uji ule nyuma ya meno ya jirani mpaka juu ya fizi. Wengine huzungushia na waya. Maji yale yanaunguza fizi, na akriliki ikianza kuganda inatoa joto. Ikishaganda haitoki tena na mswaki haupiti. Nusu saa imekwisha, umejitazama kwenye kioo, umefurahi.

Mimi hukutana na kazi hiyo mwaka mmoja au miwili baadaye. Naichonga kidogo kidogo kwa mashine, na kipande cha kwanza kikiachia, harufu inanifikia kabla jicho halijaona kitu. Chini yake fizi imevimba, nyekundu iliyoiva, inatoka damu kwa kuguswa na pamba tu. Shingo za meno zimevaa ugaga mzito, na pale waya ulipopita jino limeliwa mstari mzima. Niliwahi kumtolea mama mmoja jino la namna hiyo, na meno mawili lililoegemea yalikuwa yanacheza kiasi kwamba nayo hayakupona. Alikuja na pengo la jino moja, akaondoka na la matatu. Nakuomba usiende kwake. Na popote utakapokwenda, uliza bila kuona haya kama anayekuhudumia amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Daktari wa kweli hakasirikii swali hilo.

Daraja la meno matatu ni tiba halali, ila sioni kwamba linakufaa wewe. Ili meno mawili ya pembeni yavishwe kofia na kulibeba la katikati, husagwa pande zote kwa unene wa milimita 1.5 hivi, wakati mwingine zaidi, na mara nyingi zaidi ya nusu ya sehemu inayoonekana ya jino huondoka. Enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, haioti tena. Baadhi ya meno yaliyosagwa hufa neva baada ya miaka, yakahitaji kutibiwa mzizi kupitia kofia hiyohiyo. Kama jirani zako wangekuwa tayari wana viraka vikubwa au wamevunjika, ningekubaliana na kliniki hiyo moja kwa moja, maana kofia ingewalinda. Kwa meno ambayo hayajawahi kuguswa, hapana.

Kuna aina nyingine ya daraja ambayo hukuitaja, na huenda hawakukuambia. Ni jino la bandia lenye bawa moja jembamba, la metali au la zirkonia (kauri ngumu), linalogandishwa nyuma ya jino moja la jirani upande wa ulimi. Jino linaloshika halisagwi, au hukwaruzwa kidogo sana ndani ya enameli, na mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Watu hushangaa nikiwaambia bawa moja hudumu vizuri kuliko mawili, lakini sababu yake ni nyepesi. Kila jino hucheza kidogo kwa namna yake mtu anapouma. Ukiyafunga mawili pamoja, yanavutana mpaka bawa moja linaachia, na kwa kuwa la pili bado limeshika, mgonjwa hajui. Mate na chakula huingia chini ya lile lililoachia na jino huoza kwa siri. Bawa likiwa moja, likiachia unalikuta mkononi, unalitia kwenye kikopo, unakuja tunaligandisha tena. Kwa jino la pili kutoka katikati, dogo kama hilo lako, tiba hii inafaa kuliko kwa meno mengi mengine. Kikwazo kikubwa ni namna unavyouma: kama meno yako ya chini yanagonga nyuma ya yale ya juu bila kuacha nafasi, bawa halina pa kukaa.

Hapo ndipo rangi ya kahawia inapoingia, na nashukuru umeuliza. Maji ya visima vya Singida, sehemu nyingi, yana madini ya floraidi mengi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi. Floraidi hiyo iliyagusa meno yako ulipokuwa mtoto, yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya. Hukukosea usafi, na usikubali mtu akakwambia meno yako ni machafu. Ila kuna jambo la kiufundi. Gundi ya meno hushika baada ya enameli kupakwa asidi ya fosforiki inayoiparuza na kufungua vitundu vidogo. Enameli yenye madoa ya floraidi, tabaka lake la juu huikataa asidi hiyo, kwa hiyo gundi inaweza kushika juujuu tu. Daktari anayelijua hili hulikwaruza tabaka la juu kidogo, au hulipuliza kwa unga mkavu wa kuparuza, na huiacha asidi kwa muda mrefu zaidi. Kama madoa yako ni makali kiasi cha enameli kumeguka, hata hivyo huenda gundi isitoshe. Mwambie mapema ulikokulia. Kwa kazi hii, Singida ni taarifa ya kitabibu.

Jino la kupandikiza, lile la dada yako, ni tiba nzuri na mimi mwenyewe naipenda. Mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Sweden, aliona kwamba mfupa wa sungura umeshikamana na metali ya titani kiasi cha kutobanduka, na mwaka 1965 akampandikizia binadamu wa kwanza. Skrubu ya titani huingizwa kwenye mfupa, huachwa ishikamane kwa miezi 3 mpaka 6, kisha jino hufungwa juu yake. Jirani hawaguswi kabisa. Lakini pengo lako ni jembamba. Skrubu ya milimita 3.5 inahitaji nafasi ya milimita 1.5 kila upande kutoka mzizi wa jirani, jumla 6.5, na jino la pili kutoka katikati kwa watu wengi lina upana wa karibu hapo hapo. Kuna skrubu nyembamba zaidi, ila huo ni uamuzi wa aliyeshika eksirei ya pande tatu mkononi, asiyekisia.

Mfupa nao haukusubiri. Jino likitoka, ukuta wa mfupa uliolishika huanza kunywea, na katika mwaka wa kwanza upana wake unaweza kupungua kwa karibu nusu, sehemu kubwa ikiwa ni ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Wewe hiyo miezi mitatu imeshapita. Usitishike, mfupa unaweza kuongezwa, ila ni upasuaji wa nyongeza na fedha ya nyongeza. Ukiwa na kisukari kisichodhibitiwa au ukivuta sigara, uwezekano wa skrubu kutoshika unapanda. Na ukifika siku ya kupandikizwa, dai karatasi yenye jina la kampuni ya skrubu, kipenyo na urefu wake. Nimewahi kumpokea mtu ambaye jino lake lililofungwa juu ya skrubu limelegea, kazi ya dakika chache kulikaza, lakini hakuna aliyejua ni skrubu ya kampuni gani, na bisibisi ya moja haiingii kwenye nyingine.

Gharama yake ni mara kadhaa ya jino la kuvaa. Usikope kwa riba kwa ajili ya jino hili mwaka huu. Bawa halifungi mlango wa kupandikiza. Miaka ikipita na fedha ikipatikana, linaweza kubanduliwa na jino lililokuwa limelishika likabaki lako.

Kwa wiki hii, lakini, unahitaji kuingia darasani. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Dodoma ina idara ya kinywa na meno. Nenda kaombe jino la kuvaa na kuvua la akriliki. Watachukua kipimo cha kinywa kwa ule uji unaoganda kama jeli, fundi sanifu wa meno atalitengeneza, na baada ya siku chache unalivaa. Litakuwa na kibamba kinachokaa kwenye paa la kinywa, na siku mbili tatu za mwanzo herufi “s” itakusumbua. Soma kwa sauti nyumbani, gazeti zima, itarudi. Usiku livue. Lisafishe kwa sabuni ya kawaida na mswaki laini, maana dawa ya meno hulikwaruza, na maji ya moto hulipinda. Likiwa nje ya kinywa likae kwenye maji. Kwa ukavu wa hewa yetu huku, ukiliacha juu ya meza usiku kucha linaweza kubadilika umbo na asubuhi likakubana.

Gego la chini. Umekaa nalo bila shida zaidi ya miaka 20, na sioni sababu ya kuliwekea kitu kama unatafuna vizuri. Daktari wa meno Mholanzi, Arnd Käyser, alionyesha mwaka 1981 kwamba mtu anaweza kula vizuri bila kuwa na magego yote, na watafiti waliofuatilia jambo hilo hapahapa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta waliobakiwa na magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana wanatafuna vya kutosha. Pengo si ugonjwa. Wapo wazee wa Kigogo waliotolewa meno mawili ya mbele ya chini kimila tangu ujana wao, wanakuja kwangu fizi zao safi kuliko za vijana wengi wa mjini. Kwako naomba kaguzi mbili tu: gego la nyuma yake litakuwa limelala kuelekea kwenye pengo, hivyo chini ya mlalo huo chakula hujificha na brashi ndogo ya kupitisha katikati ya meno inahitajika kila siku, na gego la juu linalotazamana na pengo huenda limeshuka, liangaliwe kama linagonga fizi ya chini.

Neno moja kuhusu rangi. Ile sampuli ya rangi za meno ya kampuni ya VITA tunayolinganishia ina vijino 16, na hakuna hata kimoja chenye mawingu meupe na mistari ya kahawia kama ya kwako. Wengi huomba jino jeupe pe, na likiwekwa katikati ya meno ya Singida linaonekana kutoka mlangoni. Nenda asubuhi, rangi ichaguliwe karibu na dirisha, mwanzoni kabisa kabla meno hayajakauka kwa kufunguliwa mdomo, maana yakikauka hupauka. Mwombe daktari apige picha fundi aione, apake madoa kwa mkono. Na kama una picha yoyote ya kabla ya ajali ambayo ulicheka ukaonyesha meno, hata ya harusini, hata ya kwenye simu, nenda nayo. Urefu wa jino lako na namna lilivyoegemea chonge vitapatikana humo.