Alizeti Itanyonya Sumu ya Machimbo?

Swali: Habari mtaalamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Ikolomani, Kakamega. Nusu ekari ya shamba letu vijana waliichimba dhahabu kwa miaka mingi. Mashimo tumeyafukia, ila mchanga wa mabaki waliokuwa wakioshea bado upo, na hata nyasi hazioti vizuri juu yake. Amekuja mtu na mbegu za alizeti, anasema nikipanda misimu miwili zitanyonya zebaki na risasi yote, kisha niuze mbegu zikamuliwe mafuta. Je, ni kweli? Na chokaa au samadi inasaidia? Kijana wangu naye anataka kupanda nduma kwenye shimo moja lililobaki na maji.

Jibu: Mwalimu, mbegu hizo usizinunue kwa kazi hiyo. Chukua kalamu tupige hesabu, maana wewe umefundisha na hesabu haitakushinda.

Nusu ekari ya udongo, kwa kina cha sentimita 20, ina uzito wa tani 500 hivi. Tuseme kila kilo ya udongo huo ina miligramu 400 za risasi. Jumla ni kilo 200. Alizeti ikistawi vizuri kabisa, tuseme inakupa tani moja na nusu ya majani na mashina makavu, na kila kilo imebeba miligramu 50 za risasi. Umetoa gramu 75. Ukitaka kupunguza nusu tu ya risasi iliyomo, utapanda misimu zaidi ya 1,300. Hata ukipanda mvua ndefu na mvua fupi bila kuruka, ni miaka zaidi ya 600. Huyo ndugu alisema misimu miwili.

Hajatunga kila kitu. Ipo mimea inayofyonza madini kwa wingi. Mwaka 2001 watafiti wa Florida walitangaza kwamba kangaga liitwalo *Pteris vittata* hukusanya aseniki, sumu nyingine itokayo kwenye mawe, kwenye majani yake kwa wingi kuliko mmea wa kawaida unavyoweza kuvumilia. Kwa kangaga hilo hesabu inaweza kushuka hadi miaka kadhaa, pale aseniki ilipo ya wastani. Lakini kila ukikata majani, mkononi una mzigo wa sumu. Hauliwi na ng'ombe, haugeuzwi mboji, na haufai kuwa kuni, kwa sababu aseniki hupanda na moshi. Utaupeleka wapi? Mwenye mbegu hajakwambia. Na kwa zebaki, mmea wa kuaminika wa kuifyonza mimi sijauona.

Kuhusu mafuta: madini mengi hayaendi kwenye mafuta yaliyokamuliwa, hubaki kwenye mashudu. Na mashudu anakula ng'ombe wa jirani yako.

Kwa hiyo badilisha swali. Badala ya kuuliza utaitoaje sumu, uliza utaifungaje pale ilipo, isipeperuke na vumbi, isisombwe na mvua hadi mtoni, isiingie kwenye sufuria. Hapo mimea, samadi na chokaa vinafanya kazi ya maana sana.

Kabla ya yote, pima. Kipimo cha kawaida cha rutuba hakitakusaidia, hicho kinakupa pH (kiasi cha uchachu), naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Iambie maabara unataka aseniki, risasi, kadimiamu, shaba, zinki na zebaki. Mwamba wa dhahabu wa upande wetu mara nyingi hutoka pamoja na arsenopiriti, jiwe lenye aseniki ndani yake, kwa hiyo watu wanaogopa zebaki peke yake kumbe aseniki ilikuja na jiwe lenyewe. Sampuli ya zebaki ifungwe vizuri na ikae baridi, usiianike juani. Na usichanganye mchanga wa mabaki na udongo wa kawaida katika ndoo moja. Kosa hilo nililifanya mwenyewe nilipoanza kazi: nilichota huku na kule, nikachanganya, majibu yakarudi mazuri ya kupendeza. Tuliporudia kwa kutenganisha, kipande kisichozidi ukubwa wa jiko la nyumbani, pale walipokuwa wakichomea zebaki, kilikuwa kibaya kupindukia. Wastani ulikuwa umekificha.

Sasa vitu vya kuchanganya kwenye udongo, na hapa ndipo wengi wanajikwaa, kwa sababu dawa ya madini haya huenda ikawa sumu kwa mengine. Risasi ukiipa fosfeti, tuseme mbolea ya TSP au fosfeti ya Minjingu, hushikana nayo ikawa kitu kigumu kisichoyeyuka. Vizuri. Lakini fosfeti na aseniki zinafanana kikemia kama mapacha, zinagombania kiti kimoja kwenye udongo. Ukimwaga fosfeti penye aseniki, unaisukuma aseniki itoke, inaelekea kisimani. Chokaa nayo hupunguza uchachu na kuzituliza risasi, shaba, zinki na kadimiamu, ila ukiizidisha, aseniki hulegea. Ndiyo maana nimesema pima kwanza.

Kinachoishika aseniki ni chuma. Na chuma unacho bure. Unajua wakulima wa Kakamega na Vihiga wanavyolalamika kwamba DAP, mbolea yenye fosfeti, inapotelea ardhini? Ni kwa sababu udongo wetu mwekundu una oksidi za chuma zinazokamata fosfeti. Oksidi hizo hizo hukamata aseniki. Udongo mwekundu kutoka mahali safi, ukichanganywa na mabaki na mwingine ukatandazwa juu, ni dawa ambayo hakuna mtu atakuja kukuuzia kwenye pakiti.

Samadi iliyoiva weka kwa ukarimu: toroli moja kwa kila mita mbili za mraba, kwenye kipande cha mabaki tu. Mchanga ule hauna uhai wala hauhifadhi maji, na ndiyo sababu nyasi zinakataa, mbali na sumu. Tithonia, yale maua machungu ya manjano ya kwenye ua, ni mbolea nzuri ya kijani, ila ikatwe mbali na machimbo. Na iliyoota juu ya mabaki usiipeleke kwenye shamba la mboga.

Kabla hujatumia pesa, fanya jaribio la makopo. Toboa makopo manne ya Kimbo chini. La kwanza mabaki matupu, la pili mabaki na samadi, la tatu ongeza chokaa, la nne ongeza udongo mwekundu. Panda maharagwe matatu kila kopo, subiri wiki tatu. Ng'oa utazame mizizi, usitazame majani peke yake. Mizizi mifupi, minene, yenye ncha za kahawia inakwambia bado kuna tatizo. Hayo maharagwe hayaliwi, wala kuku wasipewe.

Kisha funika na nyasi za vetiva. Panda vipande vyake kwa mistari inayokata mteremko, sentimita 10 hadi 15 kati ya kipande na kipande, mvua ndefu zinapoanza. Mizizi yake hushuka mita tatu au zaidi, haisambai kama magugu, na madini mengi hubaki mizizini badala ya kupanda majani. Hata hivyo ng'ombe wasilishwe pale, kwa sababu anayechunga kwenye nyasi fupi anameza na udongo. Sukuma wiki, mchicha na viazi vitamu, hapana. Mahindi hubeba risasi kidogo sana kwenye punje, lakini kwa sasa yapande upande ule mwingine.

Kuhusu nduma, mwambie kijana aache, na samaki pia asifuge humo. Tope lililozama majini halina hewa, na humo bakteria huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ambayo ndiyo hatari zaidi kwa ubongo wa mtoto. Nduma nayo inakaa na kiazi chake ndani ya tope hilo hilo. Lichimbieni mfereji lipungue maji, lakini mfereji usielekee kisimani wala mtoni. Likikauka, lijazeni udongo mwekundu. Maji ya kisima chako, kama kiko chini ya mteremko wa machimbo, yapeleke maabara siku moja na udongo.