Kurasa za kimataifa: mpunguze zipi?

Ndugu mhariri, umeuliza kama jarida lenu la kila wiki lipunguze kurasa za kimataifa kutoka nane hadi mbili, kwa kuwa ada ya shirika la habari imepanda na wasomaji wanazifunua bila kuzisoma.

Punguzeni, ila kwa kuchagua. Taarifa za Reuters au AFP ambazo msomaji alikwisha kuzisikia redioni siku nne kabla ya jarida kumfikia, ziondoeni bila majuto. Ibakizeni habari ya mbali inayoishia mfukoni mwake: Wahouthi, waasi wa Yemen, walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi za meli zililazimika kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, safari ikarefuka na nauli ya makontena ikapanda. Habari hiyo haihitaji mwandishi aliyeko Yemen; inahitaji wenu aketi na wakala wa forodha pale Mombasa, aone ankara ya kabla na ya baada.

Mashariki ya Kongo, kwa maoni yangu, haimo kabisa katika hesabu hii, maana Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na habari zake zinastahili kurasa za mbele.