Ghala la gesi limejaa, mbona wasiwasi hauishi?

Swali: Nasikia nchi za Ulaya hujaza gesi asilia chini ya ardhi kabla ya majira ya baridi. Maghala yakifika asilimia 90, kwa nini wataalamu bado wanahofia Februari? Na gesi hiyo inakaa kwenye matangi?

Jibu: Hakuna tangi, ndugu msomaji. Mara nyingi gesi hurudishwa kwenye mwamba uleule uliowahi kutoa gesi au mafuta. Mwamba huo umejaa vitundu vidogo mno, na juu yake lipo tabaka lisilopitisha kitu. Wakati wa joto, matumizi yakipungua, kompresa huishindilia humo kupitia visima. Kwingine hutumika miamba yenye maji, au mapango yaliyochimbwa kwa kuyeyusha chumvi.

Hofu ya Februari ina msingi. Kinachoitoa gesi chini ni shinikizo lake yenyewe. Unavyozidi kuitoa, shinikizo linashuka, na kisima kinatoa pungufu kila siku. Ghala lililobakiwa na robo haliwezi kutoa kwa kasi ya ghala lililojaa. Baridi kali ikipiga mwishoni mwa msimu, nchi inaweza kuwa na gesi ardhini na bado ikashindwa kuitoa kwa kasi inayotakiwa. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza ghala linatoa kiasi gani kwa siku, halafu ndipo niulize limejaa kiasi gani.

Tena ipo gesi isiyoguswa kabisa, inayoachwa chini ili kushikilia shinikizo. Kwenye visima vya zamani vya gesi huwa karibu nusu ya gesi yote iliyomo. Kwenye miamba ya maji inaweza kufika asilimia 80. Ile asilimia 90 unayoisikia haiihesabu hii. Mapango ya chumvi yanahitaji gesi hii ya kushikilia shinikizo kwa kiasi kidogo kuliko hayo mengine na hutoa haraka sana, ila ni madogo.

Usisahau pia visima vyenyewe. Ghala la Rough, chini ya Bahari ya Kaskazini, lilibeba zaidi ya asilimia 70 ya uwezo wa Uingereza wa kuhifadhi gesi. Mwaka 2017 uamuzi wa kulifunga ulitangazwa kwa kuwa visima na mitambo vilikuwa vimezeeka, na kuvitengeneza kungegharimu mno. Bei zilipopanda kufuatia vita vya Ukraine, lilifunguliwa tena Oktoba 2022, likiwa na takriban moja ya tano tu ya uwezo wake wa awali.