Wanatunza wasichokijua

Swali lenu la wiki: "Mabaki na vitu vya kale vya Waafrika vilivyoko Ulaya virudi, au vibaki huko vinakotunzwa vizuri?"

Hilo neno "vizuri" limenikwama kooni. Nilisoma Iringa, na wanafunzi wa kule tulipelekwa Kalenga kuangalia ndani ya kioo fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyejipiga risasi asikamatwe na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, wa kumaliza Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Likarudi 1954! Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alipolifuata Bremen, Ujerumani, alikuta makumbusho yana mafuvu kama 2,000, na la Mkwawa halijulikani ni lipi. Ikabidi yapimwe, yatafutwe yanayokaribiana na vichwa vya ndugu zake, mwisho likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Wapo wanaouliza hadi leo kama kweli ni lenyewe. (Nasi tukaliweka kwenye kioo vilevile, lakini hilo waliamue wenye babu yao.)

Mangi (yaani chifu wa Wachaga) Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani Machi 1900, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu machache na familia zilizo hai Tanzania. Mmoja ni Akida, mshauri wake Meli. Mangi mwenyewe hakuonekana.

Sasa fikiria safari. Mjerumani akitaka kupanda Kilimanjaro hulipa dola 50 akapata viza hapo hapo uwanja wa ndege. Mjukuu wa Old Moshi akitaka kwenda Berlin kumtafuta babu yake ataombwa taarifa za benki, barua ya mwaliko, na uthibitisho kwamba atarudi nyumbani. Babu hakuulizwa kama atarudi. Anayenufaika na hali hii huenda ni mtu mwema kabisa, hajawahi kumtukana mtu mweusi. Foleni ya viza hajawahi kuisimama, basi haioni.

Jibu langu: virudi, ila kabla ya ndege na hotuba za mabalozi nataka orodha. Iwe kwa Kiswahili, yenye picha, jina la kijiji kilikotoka kila kitu na jina la ofisa aliyekichukua, ibandikwe ofisi za kata. Old Moshi mzee huzikwa kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo, na wanaojua nani hajazikwa wako huko.

Msomaji, Dodoma